Fundi Aliyebandika Plasta

Mtaa wetu wa Kabondo ulimwita Papa Technicien. Mimi nitamwita fundi, kwa sababu ndivyo nilivyomwita moyoni hata zile siku nilizokuwa sitaki kumtazama usoni. Sijui alizaliwa mwaka gani, wala sikuwahi kumwuliza baba yake alikuwa nani. Nitasema niliyoyaona, na nitayasema kwa hasira. Mtu akiniambia anaikumbuka miaka ile ya vita ya Kisangani kwa utulivu, ama hakuwapo, ama anadanganya.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kimejaa televisheni zilizofunguliwa migongo. Akimaliza kutengeneza moja, alichukua plasta nyeupe za zahanati akaziba kila kitufe isipokuwa cha kuwashia na cha sauti. Ukiingia nyumba yoyote ya Kabondo ukakuta televisheni imefungwa plasta kama mtoto aliyetoka kudungwa sindano, ulijua imepita mikononi mwake. Aliamini kwamba televisheni haiuawi na umeme mbaya wala na uzee. Inauawa na vidole vya mwenyewe.

Siku moja mfanyabiashara wa samaki wa chumvi, mtu mzito aliyetoka Kivu ya Kaskazini, alirudisha yake wiki moja tu baada ya kuichukua. Plasta zilikuwa zimebanduliwa.

"Papa, picha ilikuwa giza kidogo, basi nikaongeza," alisema.

"Munaongeza! Kila siku munaongeza!" fundi alifoka hadi wapita njia wakasimama. "Nuru munaongeza, sauti munaongeza, rangi munaongeza! Diminue, papa! Diminue!"

Neno hilo la Kifaransa, punguza, lilikuwa dawa yake ya kila ugonjwa. Mwanamke akimlalamikia kuhusu mume wake, alimwambia apunguze maneno. Mwenye shinikizo la damu, apunguze chumvi. Yeye mwenyewe alikunywa chai ya vijiko sita vya sukari na hakuna aliyewahi kumsikia akisema polepole. Sala haikumpita, na kati ya sala na sala alizitukana waya za televisheni kwa Kilingala ambacho siwezi kukiandika hapa. Kingine kilichonishangaza ni kwamba nyumbani kwake hapakuwa na televisheni. Alisema zinawafanya watu wakae midomo wazi.

Hakukubali umwachie kitu chako uende zako. Ulikalishwa kwenye kigoda, saa mbili au tatu, na ukisinzia alikugonga bega na bisibisi.

"Kaa hapo, angalia bien. Kesho usiseme nimekula transistor yako."

Kipande kibovu alikitoa, akakiweka kwenye kopo la maziwa na kukukabidhi uende nacho nyumbani. Nusu ya makopo ya maua hapo mtaani yalikuwa na transista zilizokufa chini ya udongo. Wizi hakuuogopa sana. Alichoogopa ni kuitwa mwizi, na nilijua hivyo, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Mimi nilikuwa na secrétariat public, chumba kimoja cha kuwachapia watu barua na kazi za shule. Nilikuwa na kompyuta moja na printa moja yenye kelele, na watu waliniita Mama Secrétariat. Kisha ukaja ule mwaka majeshi mawili ya wageni, kila moja likisema ni rafiki yetu, yalipoamua kupigana katikati ya mji wetu. Siku kadhaa tulilala chini ya vitanda huku mabomu yakipita juu. Waligombana kwao, wakaja kuuana kwetu, na waliozikwa walikuwa wetu. Makombora yaliponyamaza, askari watatu walikuja mlangoni kwangu kuchukua kompyuta. Niliwafungulia. Hata nilikivuta kiti wapite vizuri. Wakabeba skrini kwa furaha, wakidhani kompyuta yote imo ndani ya kile kioo, na lile sanduku la chini wakaliacha na vumbi lake.

Nilicheka peke yangu, mjinga mimi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba sanduku bila skrini ni kipofu, na ndani ya kipofu yule kulikuwa na kazi ya mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa akimaliza chuo. Kazi yake ya mwisho, ile tunayoiita mémoire, ilihusu visima vya mtaa wa Mangobo na magonjwa ya tumbo. Ilikuwa na kurasa themanini na kitu, na hitimisho lilikuwa halijaisha. Karatasi alizoziandika kwa mkono hazikuwapo tena: katika zile siku za mabomu hatukuwa na kuni, na mama yetu alizichoma kuchemshia watoto uji, akijua kwamba zilishachapwa. Kitundu cha disketi kilikuwa kimekufa zamani. Na profesa aliyemwongoza alikuwa amepata nafasi kwenye ndege ya Jumamosi kutoka uwanja wa Simi-Simi. Alisema wazi kwamba hajui kama atarudi. Kazi ikimfikia Ijumaa asubuhi, atakaa na wenzake wamsikilize mdogo wangu mchana uleule. Isipomfikia, basi. Nilizunguka mji mzima nikiomba kuazimwa skrini. Walioibiwa hawakuwa nazo, na waliobakiwa nazo walizificha hata kwa ndugu zao.

Jumatatu fundi alikuja kwangu na kisanduku cha bati alichoachiwa na padri mmoja Mzungu aliyekimbia. Kabla ya vita padri alikitumia kuonyesha picha za kompyuta kwenye televisheni ya parokia. Waya mmoja uliingia kwenye kompyuta, mwingine nyuma ya televisheni ya mama yangu, ile kubwa yenye kasha la mbao. Tukawasha. Nilitaka kulia. Herufi zilikuwa zimevimba na zinatetemeka, rangi zilichuruzika kutoka neno moja hadi jingine, mistari myembamba ilipepesa bila kutulia, na pembeni kote picha ilikuwa imeliwa, mwanzo wa kila mstari umefichwa nyuma ya ukingo wa kioo. Mdogo wangu alisoma nusu ukurasa akashika kichwa.

"Musilie," fundi alisema. "Televizyo haikufanywa ya kusoma. Iko ya kuangalia watu wanacheza mupira, na unakaa mbali. Nitaifundisha. Kesho nakuya na vyombo."

Jumanne hakuja. Gari la askari lilisimama kwenye kibanda chake, wakampandisha na vyombo vyake, wakampeleka kambini kwao nje ya mji. Jioni alirudi na kopo la mafuta ya kupikia. Mtaa mzima uliliona lile kopo.

Usiku ule sikulala. Siku moja kati ya nne imeliwa na watu walioniibia skrini, na mtu wangu mwenyewe ndiye aliyewapa siku hiyo! Jumatano asubuhi nilimkuta akitembea barabarani, nikamsimamisha katikati, mbele ya wauza mikate, mbele ya wanawake waliotoka kisimani, mbele ya kila mtu.

"Papa, hauna haya? Watu wametupiga mabombe, weye unaenda kuwatengenezea televizyo! Na mafuta yao unakula!"

"Mama, wanakuya na bunduki. Weye ungewaambia nini?"

"Ningewaambia hapana! Mutu anauza mutaa wake kwa kopo ya mafuta, huyo njo muchawi gani?"

Watu waliguna. Fundi alinitazama kidogo, akapita kando yangu. Mimi, niliyewavutia askari kiti wapite vizuri na skrini yangu, nilirudi nyumbani nimeinua kichwa, nikijiona shujaa.

Nusu saa baadaye alibisha hodi. Alikuja kufanya kazi yake, na hakusema neno juu ya yale matusi. Alinikalisha kwenye kigoda ndani ya chumba changu mwenyewe.

Kwanza aliondoa rangi yote. "Kazi ya mutoto iko na rangi? Haina. Basi rangi itoke, njo inachafua herufi." Kisha akageukia kitufe cha ukali wa picha, ambacho mimi nilikuwa nimekipandisha hadi mwisho nikidhani nasaidia. Akakishusha karibu na sifuri, na vile vivuli vilivyokuwa vikiandama kila herufi vikatoweka. Akapunguza weupe. Akaona kirekebisha umeme changu kimekaa ubavuni mwa televisheni, maana siku zile umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa ukipanda na kushuka kama homa, akakisukuma hadi kona ya mbali, na yale mawimbi yaliyokuwa yakipita kwenye picha yakaacha. Akaniambia niingie kwenye kompyuta nishushe kipimo cha picha hadi kile cha chini kabisa, kwa sababu kisanduku cha padri hakiwezi kubeba zaidi. Nilichagua herufi nene badala ya nyembamba, na ukurasa nikaupa rangi ya kijivu badala ya nyeupe. Kwa kipimo kile kidogo, ule ukingo uliokuwa umemezwa ukarudi ndani. Mwisho alivuta meza yangu hatua mbili nyuma.

Nikaona maneno. Makubwa, ya kijivu, yametulia. Mdogo wangu alisoma aya nzima kwa sauti bila kusita.

Fundi akatoa plasta zake akabandika kila kitufe. "Vidole mbali. Na kile kipimo ndani ya ordinatere, usikiguse. Pale siwezi kubandika plasta."

Sikumwambia asante. Gari la askari lilikuwa limeshasimama nje likipiga honi, na kuliona tu kuliniwasha upya. Akapanda, na safari hii hawakumrudisha jioni.

Ila kipimo kile kilionyesha kipande tu cha ukurasa. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa na majedwali ya visima yenye safu saba, na sisi tuliona safu tatu tu, tukisogeza kushoto, tukisogeza kulia, tukipoteza tulipokuwa. Kufika alasiri nilikuwa nimejishawishi kwamba fundi amenifanyia kazi nusu ili awahi mafuta ya wageni wake. Niliingia kwenye kipimo nikakipandisha hadi cha juu kabisa. Kioo kikawa cheusi. Kompyuta katika hali hiyo huuliza kama unayakubali mabadiliko, na usipojibu hujirudisha yenyewe. Lakini swali nisingeliona, na kwa hasira niligonga Enter kwa ngumi, mara mbili. Kompyuta ikapokea kwamba nimekubali. Nilizima, nikawasha: weusi. Nikabandua plasta zote, nikaongeza nuru, nikaongeza weupe, nikaongeza kila kilichozunguka. Weusi uleule. Mdogo wangu hakunigombeza. Alikaa chini sakafuni akaanza kukunja kanga yake, akiikunjua na kuikunja tena.

Alhamisi nilitembea hadi kambini. Jua lilikuwa kali na njia yote nilimtukana fundi, nikawatukana askari, na mara chache, kwa haki, nikajitukana mimi. Langoni askari aliniuliza namtafuta nani.

"Natafuta technicien. Iko papa yangu."

Nilisema papa yangu. Jana yake nilikuwa nimemwita mchawi.

Walimleta hadi kwenye kizuizi na hawakumruhusu kukivuka. Mikono yake ilikuwa na madoa ya risasi ya kuunganishia waya. Nilimweleza yote, nikasubiri anifokee, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema polepole.

"Uligonga Enter?"

"Niligonga."

"Bon. Commandant wao hapa alifanya vilevile juzi, na tulisumbuka siku nzima." Alivuta kiganja changu juu ya kizuizi, akaandika kwa kalamu F8, na chini yake 3. "Unazima. Unawasha. Mbele picha haijatoka, unagonga hii, unagonga, unagonga. Liste inakuya. Unachagua namba tatu. Itafunguka mubaya, herufi kubwa sana, lakini itafunguka. Alors unarudisha kipimo chini."

Kwa hiyo kile nilichomtukania ndicho kilichokuwa na jibu langu. Alijifunza palepale kambini, kwa watu walewale. Nilipogeuka niondoke aliniita.

"Mama. Mutaa unasema nini juu yangu?"

"Hakuna kitu, papa," nilijibu.

Nilijua vizuri walichokuwa wakisema. Walikuwa wakirudia maneno yangu.

Namba tatu ilifungua kompyuta. Tulichapa hadi Ijumaa alfajiri, tukafunga kurasa kwa uzi, na saa tatu asubuhi kazi ilikuwa mezani kwa profesa. Mchana mdogo wangu alisimama mbele ya profesa na wenzake, amevaa gauni aliloazimwa, akajibu kila swali, na wakampa distinction, sifa ya juu. Jumamosi ndege iliondoka. Profesa hakurudi tena.

Wiki kadhaa baadaye lile jeshi lilihama kambi, na fundi akatembea kwa miguu kurudi mtaani, hana kopo, hana chochote. Asubuhi iliyofuata watu walikusanyika kibandani kwake. Msiniambie walikuwa vijana tu, wazee walikuwapo pia, na wanawake tunaosali nao. Wengine walisita. Ndipo mtu mmoja akapaza sauti: "Hata Mama Secrétariat alisema! Mbele ya wote!"

Wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, umbali wa kurusha jiwe. Ningeweza kusema neno moja. Ningeweza kusema kwamba mtu huyu amemwokoa mdogo wangu, kwamba nilisema uongo, kwamba nilikuwa na hasira na siku zangu zilikuwa zinaisha. Mimi, mwenye mdomo unaojulikana Kabondo nzima, nilifunga kanga yangu vizuri kiunoni na kunyamaza.

Walikivunja kibanda. Walizitoa televisheni nje wakazipasua kwa mawe, na nyingi zilikuwa zao wenyewe, walizompelekea wao kwa mikono yao! Mfanyabiashara wa samaki alipasua ya kwake na plasta zake juu. Fundi alisimama kando ameshika kofia mkononi. Hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, kisha akaacha. Wiki ileile alivuka mto akahamia Lubunga.

Miaka mitatu nilikuwa na sababu za kutovuka. Mara mtumbwi, mara mvua, mara askari wa ng'ambo. Mdogo wangu, ambaye sasa anafundisha, alikuwa ameweka ukurasa wa shukrani mwanzoni mwa kazi yake, na humo, baada ya Mungu na mama yetu, alimwandika Papa Technicien wa Kabondo, ambaye bila yeye kazi hii isingeonekana. Nikachukua nakala moja, nikaifunga kwenye kitambaa kisafi, na hatimaye nikavuka.

Nilimkuta kwenye meza ya mbao chini ya turubai, akitengeneza redio. Alikuwa amekonda. Aliniambia karibu, akanivutia kigoda, akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kupokea kitabu. Alisoma ule ukurasa polepole, midomo ikitembea. Nikaanza kusema yale niliyoyapanga njia nzima, nikasema papa nisamehe, na aliinua mkono ninyamaze.

"Hii kitabu, watu ngapi wamesoma?"

"Jury, wale walimu watatu. Na mudogo wangu. Labda mwanafunzi mumoja."

"Bon," alisema. "Asante yako umeiweka ndani ya kitabu ya watu tano. Matusi yako uliyaweka katikati ya barabara."

Akakirudisha kwenye kitambaa, akakifunga vizuri kuliko nilivyokifunga mimi, na kunipa kwa mikono miwili. Kisha akachukua redio yake. Alisema kweli tupu.

Nilivuka mto siku ileile. Saa kumi alasiri, barabara yetu ikiwa imejaa, nilikwenda kusimama pale pale nilipomsimamisha, nikapaza sauti. Nilisema Papa Technicien hakuuza mtaa huu. Nilisema alichukuliwa kwa bunduki, na kwamba mimi niliwafungulia mlango walewale bila hata kutishwa. Nilisema mimi ndiye niliyedanganya, na mliomvunjia kibanda mlivunja kwa uongo wangu na kwa mikono yenu. Wachache walioelewa waliharakisha hatua. Mfanyabiashara wa samaki aliingia ndani akafunga mlango. Wengine walinipisha kama watu wanavyompisha kichaa.

Mwanamke muuza pondu, yale majani ya mhogo, aliyehamia Kabondo karibuni, aliacha kufunga mafungu yake akanitazama kwa huruma.

"Mama," aliuliza, "Papa Technicien njo nani?"

Nilivuta pumzi, nikaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.